Maji ya Chumvi na Mkono wa Mama

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya mnada, Dongobesh. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimetoka kuirekebisha kwenye simu ya mteja, na tarakimu zake zilikuwa zinawaka mbele yangu. Niliinama nifunge skrubu ya mwisho. Juu ya kitambaa cheusi ninachotandika mezani ili vyuma vidogo visipotee, vikaanguka vipande vyeupe, vyembamba, kama maganda ya kitunguu saumu. Nikavipuliza. Vikaanguka vingine.

"Fundi, unatengeneza simu au unamenya saumu?" mteja akauliza. Alikuwa mama wa makamo, muuza maharage, na alikuwa anacheka. Nilikuwa nimekunja mikono ya shati. Alipoona viwiko vyangu kicheko kikaisha. Aliweka hela mezani, akaichukua simu yake kwa ncha ya kitenge, akaifungia humo bila kuigusa.

Tangu dakika ile nilivaa mikono mirefu kwa miezi minane, hata jua lilipokuwa kali.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo anafunika viwiko vyake. Sitaeleza ugonjwa unatokana na nini, kwa kuwa hilo daktari atakueleza vizuri zaidi. Nitaeleza nilichofanya mimi, kwa mpangilio wake, ili wewe usikirudie.

Nyumbani kwangu ni Nambis, huku Mbulu. Tunalima mahindi, maharage na saumu, na nina kibanda cha kutengeneza simu, redio na sola pale Dongobesh. Shule niliishia darasa la saba. Vingine vyote ninavyovijua nimevipata kwenye vitabu vilivyokwishatumika na wengine: umeme, hesabu za kupima shamba, Kiingereza kidogo. Nikikwama hufungua kitabu, nafuata hatua moja baada ya nyingine, na kazi inakubali. Kwa hiyo mabaka yalipoenea kutoka kwenye viwiko hadi magotini na nyuma ya masikio, sikwenda kwa mtu. Nilifungua kijitabu cha zamani cha afya, kisicho na jalada, kilichokuwa kwenye kabati la mama.

Kijitabu kilisema baka lisilo na hisia ni dalili ya ukoma. Kikaeleza jinsi ya kupima: fumba macho, guswa kwa unyoya, kisha kwa ncha ya sindano. Nilijifungia ndani nikapima. Kwenye ngozi nzima nilijichoma mara kumi, nikahisi mara kumi. Juu ya baka nilijichoma mara kumi, nikahisi mara sita. Niliandika namba hizo kwenye daftari na tarehe yake. Gamba lilikuwa nene kama ukoko wa ugali na sindano haikuwa inafika kwenye nyama. Hilo sikuliandika.

Nikafunga daftari nikiwa na uhakika kwamba nina ukoma.

Mke wangu ndiye mtu pekee niliyemwambia. Akasema, "Baba Neema, kesho twende hospitali."

"Tukienda jina litajulikana. Neema ameshaletewa posa. Nani ataoa kwenye nyumba yenye ukoma?"

"Na wewe je?"

"Mimi nitasubiri. Tuokoe hela, harusi ipite. Baada ya mavuno nitakwenda."

Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa, na kila alipouliza niliitoa tena. Hela, harusi, mavuno.

Hapa inabidi nieleze desturi moja ya kwetu, kwa sababu ndiyo niliyoikosea zaidi. Zamani, nyumba ikipatwa na jambo zito, hasa kifo cha mtoto mchanga, ilitengwa. Tunaita meeta. Watu wa nyumba hiyo hawakushika mikono ya wengine, hawakuchota moto kwa jirani, hawakuingia kwenye zizi lisilo lao. Walikaa hivyo kwa miezi mingi, hadi wazee waseme inatosha. Siku hizi wengi ni watu wa kanisa na desturi hiyo imelegea, lakini kila mtu wa umri wangu anajua jinsi inavyofanyika. Mama yangu aliwahi kuwekwa meeta mwaka mzima akiwa mke kijana, alipompoteza mtoto aliyenitangulia.

Mimi nilijiweka mwenyewe. Nilitenga kikombe changu cha bati nikakitundika kwenye msumari nje ya banda la mbuzi. Nilitenga sahani, beseni na kitanda. Niliacha kumpa mtu mkono. Na niliacha kumshika mama.

Mama alikuwa mzee na macho yake yote mawili yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaogopa kisu cha daktari, kwa hiyo miaka mitatu yote mkono wangu ndio uliokuwa macho yake. Kila Jumapili alinishika hapa, juu kidogo ya kiwiko, tukaenda kanisani, na njiani alikuwa ananiuliza shamba la nani limepandwa nini. Jumapili ya kwanza ya meeta yangu nilichukua fimbo ya kuchungia, nikampa ncha moja ashike, mimi nikashika ncha nyingine.

Alipapasa fimbo ile mpaka mwisho wa mkono wake ulipofika.

"Paskali, unanivuta kama ng'ombe wa mnada?"

"Nina upele, Mama. Sitaki ukushike."

"Nimekuosha wewe ukiwa na tetekuwanga, ukiwa na surua, ukiwa na mavi mpaka shingoni. Upele gani huo?"

Tukaenda. Watu waliotupita walicheka kidogo, naye akacheka nao kwa sauti kubwa: "Semeni bei, nauzwa!" Lakini tuliporudi nyumbani aliketi kwenye kigoda chake, akaniita.

"Mke wako ameniambia una kikombe chako nje. Ni meeta hiyo?"

"Ni tahadhari tu, Mama."

"Mimi nimekaa meeta, naijua. Wazee waliniweka, wazee wakanitoa. Wewe amekuweka nani?"

"Hakuna aliyeniweka."

"Basi na wa kukutoa hayupo," akasema, akageuza uso wake upande wa ukuta.

Hiyo ilikuwa Novemba, mvua za vuli zikianza.

Kwenye zahanati nilikwenda mara moja tu. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na koti zito, jasho linanitoka, na kila nilipojikuna niliona walio jirani nami wakisogea, mmoja baada ya mwingine, hadi benchi lote likabaki langu. Ilipofika zamu yangu nilionyesha kiwiko kimoja tu na nikasema, "Ni fangasi." Mhudumu alinipa dawa ya hicho nilichokisema. Sina la kumlaumu.

Mwezi wa Desemba nilipata kazi ya sola upande wa Hanang, kwenye boma la wafugaji karibu na ziwa la chumvi, chini ya ukingo wa bonde. Kutoka kwangu ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa pikipiki, na njia inashuka sana hadi masikio yanaziba. Nilipomaliza kufunga taa nilikuwa na vumbi mwili mzima na ngozi inaniwasha kiasi cha kutaka kuivua. Nikateremka majini nikidhani nitanawa tu.

Mahali pale ni ufukwe mdogo wa kijiji, si zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Mchanga ni wa kijivu, una matope meusi chini yake, na juu ukoko wa chumvi unavunjika ukiukanyaga. Ng'ombe wanaletwa pale kulamba. Nilitazama huku na huku, nikaona heroe peke yao mbali majini. Nikavua koti, nikavua shati, nikaingia.

Maji yalipofika kwenye nyufa za magoti nilipiga kelele. Nilihisi nimemwagiwa pilipili. Niliendelea kusimama kwa kuwa kutoka kulikuwa na maumivu yaleyale. Baada ya dakika kama tano moto ule ukapoa, na muwasho ukaondoka nao. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilisimama bila kujikuna. Nilitoka nikiwa nalia, na sikujua kama ni maumivu au ni nini.

Kuanzia hapo nilikwenda kila Jumatatu. Wateja wa sola wa upande ule walinilipia petroli.

Mtu wa nyanda za juu hajui kuogelea. Kwetu maji ni ya kuvuka ukiwa umekunja suruali. Nilitafuta kitabu cha mazoezi ya mwili, nikapata chenye kurasa mbili za michoro ya kuogelea. Kilisema uanze kwa kuzoea kuweka uso majini. Nikawa najifungia na beseni langu, nazamisha uso, nahesabu. Siku moja mke wangu akafungua mlango.

"Baba Neema! Unataka kujiua kwenye beseni?"

"Nafanya mazoezi ya pumzi."

Alicheka mpaka akaketi sakafuni, na kicheko kikageuka kilio akiwa hapohapo. Nilitaka kumwinua. Nilibaki nimesimama huku maji yananichuruzika kidevuni.

Mazoezi yale hayakunisaidia. Maji ya ziwa lile yakiingia machoni huoni tena kwa nusu saa. Pale mtu analala chali. Yana chumvi nyingi kiasi kwamba ukiacha kujikaza yanakubeba yenyewe. Ilinichukua Jumatatu nne kuacha kujikaza. Niliegemea nyuma, miguu ikapanda, masikio yakazama, na kelele zote za dunia zikakatika. Nilibaki na anga na sauti ya moyo wangu. Baadaye nilijifunza kusukuma maji kwa mikono nikiwa vilevile chali, taratibu, hadi nikaweza kwenda hatua hamsini na kurudi.

Ziwa lile halina kina. Asubuhi unatembea mbali kabla maji hayajafika kiunoni. Lakini mchana, mara nyingi kuanzia saa saba, upepo unatokea upande wa mlima Hanang na kusukuma maji yote kuja ufukweni, na usiku yanarudi. Pale ufukweni nilipigilia vigingi sita kuelekea majini, kila kimoja hatua kumi kutoka mwenzake. Asubuhi maji yalikuwa kwenye kigingi cha sita. Saa kumi alasiri yaliweza kufika cha pili. Wengine wanahesabu siku zao kwa vidonge. Mimi nilihesabu kwa vigingi, nikiandika kwenye daftari: kigingi cha tatu, upepo mkali, dakika arobaini, damu goti la kushoto.

Aliyenikuta pale ni mwanamke wa Kibarbaig aitwaye Udaweda, rika langu au kunizidi kidogo, aliyekuwa anakusanya chumvi kwa kipande cha kibuyu na kuiuza kwa wenye ng'ombe. Jumatatu mbili za kwanza alinitazama tu. Ya tatu akaja na kusimama kwenye kigingi cha kwanza, mikono kiunoni.

"Wewe Mmbulu, unapima shamba majini? Hili ziwa haliuzwi."

"Naangalia maji yanavyokwenda."

"Si ungeuliza? Asubuhi yanaondoka, mchana yanarudi. Hata ndama anajua." Akavitazama vigingi vyangu vyote sita, akatikisa kichwa. "Na kwa nini unaoga kwenye maji ya ng'ombe?"

Niliwahi koti langu. Akacheka.

"Ng'ombe wangu akiwa na ukurutu namleta hapa. Sijaona hata mmoja aliyevaa koti."

Tukawa tunazungumza kila Jumatatu, yeye akikwangua, mimi nikiwa majini. Nilimweleza habari za mama na fimbo. Aliipenda hadithi ya "semeni bei, nauzwa" na kila nilipofika aliuliza, "Yule mama wa kuuzwa hajambo?" Nikamwambia siku moja nitamleta. Akasema nimlete, atamtafutia mnunuzi mwenye ng'ombe wengi.

Katikati ya Machi, kabla masika hayajafunika chumvi yake, nilimwambia jina la ugonjwa. Sikupanga. Nilikuwa nimelala chali na masikio yamezama, na labda nilisema kwa kuwa sikujisikia mwenyewe. Nilipoinuka alikuwa amesimama ukingoni.

"Njoo hapa," akasema. "Lete mkono."

"Usiniguse."

"Lete!"

Akanikamata kifundo cha mkono. Alikuwa mtu wa kwanza kunishika kwa miezi mitano. Akakwangua baka kwa ukucha wa kidole gumba, akatazama unga uliotoka, akaupuliza.

"Linawasha?"

"Linawasha sana."

"Usiku na mchana?"

"Usiku zaidi."

"Mjomba wangu alikuwa na ukoma. Nimeishi naye boma moja tangu nikiwa mdogo. Baka la ukoma haliwashi. Lingemuwasha angelijua mapema, asingeungua vidole kwa moto. Wewe una kitu kingine."

Akaniachia akarudi kwenye kibuyu chake, kama mtu aliyemaliza kazi ndogo.

Nilipofika nyumbani nilifungua kijitabu. Nilisoma sura yote ya ukoma mara mbili, nikitafuta neno kuwasha. Halikuwepo. Hakikusema linawasha, hakikusema haliwashi. Nikawaza: mwanamke yule wa chumvi hajui kusoma hata herufi moja. Nikakifunga, nikaenda kunywa maji kwa kikombe changu cha banda la mbuzi.

Msomaji, hiyo ilikuwa Jumatatu. Siku kumi na saba baadaye mama akaugua.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na njia zote za Nambis zilikuwa tope. Mama alianza na kikohozi, kisha kichomi upande wa kulia. Mhudumu wa zahanati alikuja kwa miguu na sindano za siku tano, akasema mvua ikipungua tumpeleke hospitali. Mvua haikupungua. Mke wangu ndiye aliyemgeuza, aliyemlisha uji, aliyemfuta. Mimi nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, hatua nne kutoka kitandani, nikisoma maandishi kwenye maboksi ya dawa na kusema muda wa kila dozi.

"Paskali yuko wapi?" aliuliza mama siku ya tatu.

"Nipo hapa, Mama."

"Sauti ipo. Nauliza mtu."

Siku ya nne aliomba nimwinue aketi, akasema pumzi haishuki akiwa amelala. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni. Mama alisikia nikimwita, akaurudisha mkono wake chini ya blanketi.

Siku ya tano mchana alinyoosha mkono hewani, upande wa sauti yangu, na hakuushusha. Sikuweza kukaa tena. Katika vifaa vyangu vya kazi kulikuwa na glavu za mpira, zile nyembamba. Nikazivaa zote mbili, nikaenda, nikaushika ule mkono.

Alivibonyeza vidole vyangu kimoja kimoja. Alipapasa kiganja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Mama. Paskali."

"Paskali ana kovu hapa." Alikuwa anagusa pale kwenye kidole cha shahada, nilipojikata kwa mundu nikiwa na miaka tisa. "Huyu hana. Mwambieni mgeni akae, apewe chai."

Mke wangu alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Alinitazama, na sijawahi kutazamwa vile. Alisema kwa sauti ya chini, "Vua."

Sikuvua. Nilikuwa nalinda maisha yake. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Alifariki kesho yake asubuhi, saa mbili na dakika arobaini. Kwenye mazishi ndugu zangu walibeba jeneza. Mimi nilitembea nyuma nikisema mgongo unauma. Watoto wa marehemu tulipoalikwa kutupa udongo kwa mkono, nilichota kwa koleo.

Mwezi Juni, baridi ikiwa imeanza, mke wangu aliniambia jambo moja tu: "Sasa huna wa kumlinda. Harusi imesogezwa kwa ajili ya msiba. Kesho tunaondoka." Alikuwa ameuliza huku na kule na kujua siku ambayo daktari wa ngozi anafika hospitali.

Ukumbi wa kusubiria ulikuwa mrefu, una madirisha upande mmoja tu. Tulipata namba thelathini na moja. Nilikaa na koti langu nikitazama sakafu, kama nilivyozoea. Ilipofika namba kumi na kitu hivi, niliinua macho. Mbele yangu alikuwa mzee amekunja suruali kwa sababu ya muwasho, na magoti yake yalikuwa magoti yangu. Rangi ileile, magamba yaleyale. Upande wa pili kulikuwa na dada aliyejifunga kilemba, na nyuma ya masikio yake, vilevile. Mke wa mzee yule alikuwa anampaka mafuta magotini kwa mkono mtupu, huku anasimulia habari za jirani yao aliyeibiwa kuku. Nilitazama mkono ule ukienda na kurudi. Nikamtazama mke wangu. Yeye pia alikuwa anautazama.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alinipa mkono kabla sijafika kwenye kiti, nami nikaurudisha wangu nyuma. Akaufuata, akaushika, akaushikilia.

"Baba, shikamoo. Tatizo ni nini?"

"Marahaba. Nina ukoma."

"Nani amekupima?"

"Nimejipima mwenyewe. Nina daftari."

Alilisoma daftari langu. Sikutegemea, lakini alisoma kurasa zote, hata za vigingi. Kisha aliniangalia viwiko, magoti, kucha, kichwani. Akakata kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya kipimo, ingawa alisema anakifanya kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

"Ugonjwa huu unaitwa soriasisi," akasema. "Hauambukizi. Haujawahi kumwambukiza mtu. Ungeweza kulala kitanda kimoja na mke wako na kunywa kikombe kimoja na watoto."

"Na kumshika mtu mgonjwa? Mzee?"

"Ungeweza kumshika."

Mke wangu ndiye aliyeuliza: "Na kama ungekuwa ukoma kweli?"

"Dawa yake ipo, haiuzwi, na mtu akishaanza kuitumia hachukui muda kabla hajaacha kuambukiza. Ningemshika mkono vilevile."

Kwa hiyo hata kosa langu lingekuwa kweli, nisingekuwa na haki ya kuvaa zile glavu.

Nilipewa mafuta ya kupaka na dawa nyingine, na maelekezo juu ya jua la asubuhi. Kuhusu ziwa alisema hivi, na ninayaandika kwa sababu wengi wananiuliza: maji ya chumvi yanaweza kutuliza, hayaponyi. Usiingie ukiwa na vidonda vinavyotoa damu. Ukitoka jisuuze kwa maji baridi ya kawaida, kisha jipake mafuta mengi kabla ngozi haijakauka. Mimi nilikuwa naiacha chumvi ikaukie mwilini, nikiamini inaendelea kufanya kazi. Ndiyo maana magoti yangu yalikuwa yanapasuka kila Jumanne.

Jioni tuliporudi nyumbani, mke wangu hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja banda la mbuzi, akakitoa kikombe kwenye msumari, akakiosha. Akakijaza togwa. Akanywa nusu akiwa amesimama uani mbele ya wote, kisha akanipa.

"Nimekutoa," akasema.

Nilikunywa. Lakini tulijua sote wawili kuwa kuna mtu angefurahi kulisema neno hilo, na alikuwa chini ya udongo kwa wiki nane.

Sasa ni mwaka umepita. Viwiko vimebaki na alama ndogo, magoti yanakuja na kuondoka. Kipindi cha baridi huwa kibaya, kipindi cha jua huwa afadhali. Mikono ya mashati yangu imekunjwa. Mteja akiuliza namwambia jina, na wengine wananionyesha vyao mezani palepale. Ninawaambia nenda kwa mtu, usijipime mwenyewe. Na ukishajipima, mwonyeshe mtu namba ulizoziandika na zile ambazo hukuziandika.

Ziwani nilirudi mara ya kwanza mwezi Julai. Udaweda alikuwa anakwangua chumvi ya msimu mpya. Vigingi vyangu vilikuwa vimebaki vitatu. Vingine alishavifanya kuni.

"Fundi! Nilidhani umezama. Yule mama wa kuuzwa hajambo?"

Nilimweleza. Nilimweleza na habari za glavu. Alisikiliza hadi mwisho, kibuyu kikiwa magotini.

"Ulimwambia mama yako maneno yangu? Kwamba baka la ukoma haliwashi?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilidhani hujui."

Hakukasirika. Alichukua mkono wangu, akaupapasa polepole, kidole kwa kidole, mpaka akafika kwenye kovu la mundu. Akalibonyeza.

"Lipo," akasema. Kisha akaurudisha kwangu. "Ingia majini. Upepo unakuja."

Niliingia. Nililala chali hadi masikio yakazama, na maji yakanibeba polepole kuelekea ufukweni, kigingi cha tatu, cha pili.

Daftari bado ninalo. Ukurasa wa mwisho nilioandika ni wa ile safari ya Juni: nauli yangu ya kwenda na kurudi, elfu kumi na sita, kadi, elfu tano, kipimo cha ngozi, elfu ishirini. Jumla, shilingi elfu arobaini na moja. Ndizo nilizoziokoa kwa miezi minane.